10, 2, 1, 8, 4, 7, … Namba gani zinafuata, na kwa nini jibu langu la 129 limechekwa?

Kitanzi ameuliza:

Habari zenu, wapenzi wa mafumbo.

Mimi na rafiki yangu tuna mazoea ya kutegeana. Kila Jumapili hunitumia mafumbo mawili, moja la namba na jingine la maneno, nami humtumia mawili ya kwangu, na anayeshindwa hulazimika kukiri kwa maandishi. Wiki hii nimekaribia kukiri. Kabla sijafanya hivyo naomba msaada wenu, si wa kupewa majibu tu, bali wa kuonyeshwa mahali nilipopotea njia, kwa sababu nina hisia kwamba nimepotea mahali pamoja katika mafumbo yote mawili.

La kwanza ni mfuatano wa namba kumi, ambao nne za mwisho zimefichwa:

10, 2, 1, 8, 4, 7, ?, ?, ?, ?

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, yaani kwa kutafuta tofauti kati ya namba na jirani yake. Nilipata -8, -1, 7, -4, 3. Sikuona utaratibu wowote, nikatafuta tofauti za tofauti hizo, nikapata 7, 8, -11, 7. Nikashuka tena: 1, -19, 18. Nikashuka tena: -20, 37. Mwisho nikabakiwa na namba moja pekee, 57. Hapo nilifurahi, kwa kuwa nilifundishwa kwamba ukifika kwenye mstari usiobadilika unaweza kupanda nao kurudi juu. Nikapanda: 37 na 57 ni 94, 18 na 94 ni 112, 7 na 112 ni 119, 3 na 119 ni 122, na 7 na 122 ni 129. Nikamtumia 129 kwa kujiamini kabisa.

Alicheka, kisha akaandika maneno mawili tu: «Usihesabu, soma.» Nimesoma mpaka macho yameuma.

La pili ni fumbo la maneno: «Nena kinyume, upate idadi (4)». Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Mimi niliwaza kwamba kinyume cha kunena ni kunyamaza, na kunyamaza ni kutosema chochote, na «chochote» kisichokuwepo ni sifuri. Hoja ilinipendeza sana, ila sifuri ina herufi sita.

Swali langu la jumla ni hili: mtu anajuaje kwamba amepata jibu lenyewe, na si jibu linalofanana nalo? Hesabu yangu ya 129 haina kosa. Nimeirudia mara tatu.

---

Fumbuo amejibu:

Ndugu Kitanzi, hesabu yako haina kosa hata kidogo, na pengine hilo ndilo lililokuchelewesha, maana mtu akiona jumlisha na toa zimekubali hujisahau na kudhani kwamba na fumbo limekubali. Nitakupa vidokezo kwanza, kwa ngazi, ili wewe na wasomaji wengine mpate nafasi ya kusimama popote mnapotaka.

Kabla ya kutoa hata tofauti moja, tazama namba zenyewe. Ulizoonyeshwa ni sita, hakuna iliyojirudia, na hakuna iliyozidi 10. Umeambiwa pia kwamba mfuatano mzima una namba kumi. Ukiona namba kumi zisizozidi 10 na zisizojirudia, shuku mara moja kwamba ni zile zile 1 hadi 10 zilizopangwa upya. Kwa hiyo zilizofichwa ni 3, 5, 6 na 9, na kilichobaki ni kujua zinakaa kwa mpango gani. Tafadhali angalia jinsi fumbo linavyobadilika sura hapo: swali lililokuwa «namba gani inafuata?» limekuwa «nani amezipanga hivi?»

Kidokezo cha pili: si kila mpangaji hutazama ukubwa. Yuko mmoja aliye kwenye rafu ya kila msomaji, ambaye huweka embe mbele ya ndizi bila kujali ipi ni nzito.

Asiyetaka jibu aishie hapa.

Mpangaji huyo ni kamusi. Ziandike namba kwa maneno, kisha uzipange kwa alfabeti: kumi, mbili, moja, nane, nne, saba, sita, tano, tatu, tisa. Zirudishe kuwa tarakimu, utapata 10, 2, 1, 8, 4, 7, 6, 5, 3, 9. Ndiyo maana uliambiwa usome. Mahali penye mtego mzuri ni kwenye herufi T, kwa kuwa tano na tatu zinalingana hadi herufi ya pili na ni ya tatu tu inayoamua, N mbele ya T. Ukiziweka kwa pupa utakosea hatua moja kabla ya kumaliza, na hakuna kukosea kunakouma kama huko.

Fumbo hili lina ndugu yake wa Kiingereza anayejulikana sana, 8, 5, 4, 9, 1, 7, 6, 3, 2, 0, ambaye hupanga majina ya tarakimu kumi za lugha hiyo kwa alfabeti. Rafiki yako hakumtafsiri, kwa sababu hatafsiriki. Amelitunga upya kwa Kiswahili, na namba zikatoka nyingine kabisa. Kwa hilo anastahili heshima.

Nikuongezee moja ya aina hiyo hiyo, kwa kuwa nalo hushinda watu wanaohesabu na hujisalimisha kwa wanaosoma: 1, 11, 21, 1211, 111221. Kila namba inaielezea iliyoitangulia. Katika 1 kuna tarakimu 1 mara moja, kwa hiyo tunaandika 11. Katika 11 kuna 1 mbili, tunaandika 21. Katika 21 kuna 2 moja, kisha 1 moja, tunaandika 1211. Inayofuata baada ya 111221 ni 312211. Mwanahisabati John Conway aliuchunguza kwa kina mchezo huu unaoonekana wa kitoto, akaonyesha kwamba urefu wa namba hizo hukua kwa uwiano unaokaribia 1.3036 kila hatua, ingawa tarakimu kubwa kuliko 3 haitokei kamwe hata uendelee milele.

Ila huwa najiuliza kwa nini sisi tuufuate kwa mpangilio huo. Kwa Kiswahili kitu hutangulia na idadi hufuata: tunasema «vitabu viwili», hatusemi «viwili vitabu». Tukiisoma namba kwa mpangilio wetu, tarakimu kwanza kisha idadi yake, tunapata 1, 11, 12, 1121, 122111, 112213. Ni mfuatano mwingine, na una uhalali ule ule.

---

Tarakimu amejibu:

Nimemsoma Fumbuo na sina la kupunguza, lakini naona swali la Kitanzi kuhusu 129 limepitwa haraka, na kwangu mimi ndilo zito zaidi.

Njia ya tofauti si mbaya. Chukua 2, 6, 12, 20, 30. Tofauti ni 4, 6, 8, 10, na tofauti za hizo ni 2, 2, 2. Mara tatu mfululizo 2 imejitokeza, na hapo una haki ya kusema kwamba itajitokeza tena, upande juu na kupata 42. Ukitazama vizuri utaona ni 1×2, 2×3, 3×4, na kadhalika, kwa hiyo njia mbili zimekutana mahali pamoja, na unaweza kulala usingizi.

Sasa tazama ulichofanya wewe. Ulishuka hadi ukabakiwa na 57, ukasema mstari haubadiliki. Lakini mstari wenye namba moja hauwezi kubadilika, kwa kuwa hauna cha kulinganishwa nacho! Ungeanza na namba sita zozote, hata ungezichota kwenye mfuko huku umefumba macho, ungefika mwisho na kubakiwa na namba moja, na ungeweza kupanda nayo na kupata «jibu». Namba sita zozote zile zina mlinganyo wa kipeo kisichozidi cha tano unaopita katika zote bila kukosea, na njia yako ndiyo inayoutumia mlinganyo huo bila kuuandika. Inatoa jibu kwa kila mtu. Shahidi anayekubali kila anachoulizwa hatufai mahakamani, na njia hii, ikifikishwa kwenye mstari wa mwisho kabisa, ni shahidi wa namna hiyo. Mimi binafsi sijisumbui nayo pasipokuwa na angalau namba tatu zinazolingana katika mstari mmoja.

Na bado sitaki uiache, kwa sababu kuna mahali ambapo jibu linaloonekana la kipuuzi ndilo la kweli. Mfuatano 1, 2, 4, 8, 16 kila mtu huumalizia kwa 32. Itumie njia yako ile ile: tofauti ni 1, 2, 4, 8, kisha 1, 2, 4, kisha 1, 2, kisha 1 peke yake. Panda na hiyo 1, kana kwamba haibadiliki, utapata 31. Rafiki yako angecheka tena.

Basi mwambie achore duara. Aweke nukta moja juu ya ukingo wake: duara lina sehemu 1. Aweke nukta mbili na kuziunganisha kwa mstari mnyoofu: sehemu 2. Nukta tatu, kila moja ikiunganishwa na kila mwenzake: sehemu 4. Nukta nne: 8. Nukta tano: 16. Nukta sita, akihakikisha kwamba hakuna mistari mitatu inayokatana mahali pamoja ndani ya duara: 31. Watu huhesabu mara ya pili na ya tatu, wakiamini kwamba kuna kipande kimoja kimejificha chini ya kalamu. Hakipo. Baada ya hapo zinakuja 57, 99, 163, na kwa nukta kumi inatokea 256, ambayo ni kipeo cha 2, kana kwamba mfuatano umekumbuka ulikotoka. Ukizitafutia tofauti namba 1, 2, 4, 8, 16, 31, 57, 99, mstari wa nne utakuwa 1, 1, 1, 1, na sasa shahidi ana wenzake.

Kwa hiyo 1, 2, 4, 8, 16 haina jibu moja mpaka ujue zimetoka wapi. Zikitoka kwenye kuzidisha kwa 2, ni 32. Zikitoka kwenye duara, ni 31. Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, akachapisha mwaka 1973 kitabu chenye mifuatano 2,372, na tangu mwaka 1996 mkusanyo huo uko kwenye intaneti, ambako sasa umezidi mifuatano 350,000. Ukiandika humo namba tano za mwanzo kama hizo hupewi jibu moja, unapewa orodha ndefu. Ushauri wangu ni kwamba usiufungue mkusanyo huo kabla hujakwama kwa siku nzima, maana ukishazoea kuufungua utakuwa hodari wa kutafuta na dhaifu wa kufumbua.

Sasa hili si la kutafutia humo. Nakutegea: 99, 12, 11, 10, 4, ?, ?, ? Usikimbilie tofauti.

---

Kinyumenyume amejibu:

Nami nichukue fumbo la maneno, ambalo naona kila mtu amelikwepa.

Fumbo la aina hii lina sehemu mbili. Moja ni maana ya jibu, kama ile ya kwenye kamusi, na hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Nyingine ni mchezo wa herufi au silabi unaokupeleka kwenye jibu lile lile kwa njia ya pili. Sehemu hizo huungwa na neno dogo au haziungwi na kitu. Kazi ya mtunzi ni kuzishona zionekane kuwa sentensi moja yenye maana ya kawaida. Kazi yako ni kuufumua mshono. Kitanzi, wewe uliisoma sentensi, ukaielewa, na ukaanza kuifikiria ile maana yake. Hapo ndipo ulipotegwa. Fumbo likieleweka, lishuku.

Katika «Nena kinyume, upate idadi», maana ni neno la mwisho, «idadi». «Upate» ni uzi. Mchezo ni «nena kinyume». Wanaoujua mchezo wa kuzungumza kinyume wanafahamu kwamba silabi za neno hubadilishana nafasi, ya mwisho ikaja mbele. Neno «nena» lina silabi mbili, ne na na. Zibadilishe: na, ne. Jibu ni NANE, herufi nne, na ni idadi kweli. Ona pia kwamba huwezi kulijibu kwa upande wa pili, yaani kusema jibu ni «nena» lililotokana na «nane», kwa kuwa nena si idadi. Fumbo limefunga milango yote isipokuwa mmoja, na hicho ndicho kipimo cha fumbo lililotungwa vizuri.

Swali lako la jumla, la jinsi ya kujua kwamba umefika, lina jibu rahisi zaidi upande huu kuliko upande wa namba. Umefika pale njia zote mbili zinapokutana na hakuna neno lililobaki bila kazi. Ukiwa na jibu linalokidhi maana lakini hujui «kinyume» inafanya nini pale, bado hujafumbua, umebahatisha. Jibu lako la sifuri liliachwa na mabano, na mabano nayo ni sehemu ya fumbo.

Kanuni hii ya uadilifu ilielezwa mwaka 1949 na mtunzi wa Kiingereza aliyejiita Afrit: mtunzi halazimiki kumaanisha anachokisema, lakini analazimika kukisema anachokimaanisha. Mwanzoni haikuwa hivyo. Aliyejiita Torquemada, ambaye kuanzia mwaka 1926 alitunga mafumbo ya gazeti la The Observer la London, alikuwa na akili ya kutisha, na mara nyingine mfumbuaji alilazimika kuisoma akili hiyo badala ya kulisoma fumbo.

Sisi tunaotunga kwa Kiswahili tuna tatizo ambalo Waingereza hao hawakulijua, nalo ni ngeli. Maneno yenye maana mbili tunayo tele, kama paa, kaa, mbuzi na tembo, lakini upatanisho huyafichua papo hapo. Ukiandika «paa ameruka» umeshasema ni mnyama. Ukiandika «paa limevuja» umeshasema ni la nyumba. Jibu lako likiwa «kisu» na ukaandika «kinakata», nusu ya fumbo umeitoa bure. Vitendawili vilitatua jambo hili zamani. «Nyumba yangu haina mlango» inapatanisha kila kitu na nyumba, na yai limekaa kimya nyuma yake bila kuonyesha hata kiambishi kimoja. Tufanye vivyo hivyo: tupatanishe na kinachoonekana, si na kilichofichwa.

Njia nyingine ni kutumia kitenzi cha amri, ambacho hakina kiambishi cha ngeli. Nililitunga hili zamani: «Keti, ewe mwenye magando (3)». Jibu ni KAA, mara mbili: kaa ya kuketi na kaa wa baharini. Nililipenda sana mpaka msomaji mmoja aliponiuliza «ewe» inafanya kazi gani. Haifanyi kazi yoyote. Imekaa pale kuipamba sentensi, na kwa kanuni niliyoisema hapo juu inapaswa kutoka.

Ninalojivunia bila masharti ni hili: «Idadi iliyomo mkutanoni (4)». Sitalieleza. Na hili ni la kujaribu tu: «Chanzo cha sababu ni idadi ya siku za juma (4)».

---

Nukta amejibu:

Samahani kwa kuingilia. La mkutanoni nimelipata, ni TANO, limelala ndani ya neno lenyewe. La sababu ni SABA. Lakini nina malalamiko. Kwa nini mnayaita haya uadilifu? Katika mtihani wa kazi nilioufanya mwaka jana tuliulizwa namba inayofuata katika 1, 2, 4, 8, 16, na majibu yalikuwa ya kuchagua. Ningeandika 31 na kuchora duara pembeni, ningekosa alama. Anayejua mengi anaadhibiwa na anayejua machache anapita.

---

Tarakimu amejibu:

Nukta, nakuunga mkono kwa nusu. Swali la namna hiyo halipimi hesabu, linapima kama unaweza kukisia alichokiwaza mtunzi, na mtunzi hakuwa na duara akilini. Kwenye mtihani andika 32 na uende zako. Lakini mtunzi anayewaheshimu watu angeweza kuliokoa swali lake kwa kuongeza namba mbili tu, 32 na 64, na ubishi ungekwisha. Kwa desturi yangu siachi mfuatano uondoke mezani mpaka nimejaribu kuuvunja kwa kanuni nyingine fupi inayokubaliana na namba zile zile. Nikiipata kanuni hiyo, naongeza namba. Nikishindwa kuipata, naanza kumwamini msomaji.

Nasema «kanuni fupi» kwa makusudi. Kanuni ndefu ipo siku zote, nayo ndiyo iliyompa Kitanzi 129. «Panga majina yake kwa alfabeti» ni maneno matano, na inaeleza namba zote kumi. Mlinganyo wa kipeo cha tano unahitaji vigawo sita, yaani namba sita za kuujengea, ili kueleza namba sita, maana yake ni kwamba haukueleza kitu, umezinakili tu.

---

Kitanzi amejibu:

Nawashukuru nyote. Hilo la vigawo sita kwa namba sita limenifanya niweke kalamu chini kwa muda.

Fumbo la Tarakimu nimelifumbua, na safari hii sikutoa tofauti hata moja, ingawa 12, 11, 10 zilinivuta mkono niandike 9. Nililisoma. Tisini na tisa: tisini ina herufi 6, na ina 2, tisa ina 4, jumla 12. Kumi na mbili ina herufi 11. Kumi na moja ina 10. Kumi ina 4. Nne ina 3. Tatu ina 4. Nne ina 3. Kwa hiyo zilizofichwa ni 3, 4, 3, na kuanzia hapo zitabadilishana milele, kwa kuwa nne ina herufi tatu na tatu ina herufi nne. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nikajiuliza kama kuna namba inayoweza kukikwepa kitanzi hicho, ambacho kwa bahati kina jina langu. Nilianza na 1: moja ina herufi 4, imenaswa. Nikajaribu 2: mbili ina 5, tano ina 4, imenaswa. Nikaona kwamba kila namba kuanzia 5 na kuendelea ina herufi chache kuliko thamani yake, hata 11 na 12 ambazo zimeponea kwa moja, kwa hiyo kila namba huteremka tu mpaka iingie kwenye 4 au 3. Hata sifuri, ambayo ilinitia aibu, ina herufi 6, na sita ina 4. Kwa Kiingereza naona mambo ni tofauti, maana neno lao la nne lina herufi nne, kwa hiyo namba zao hufika 4 na kutulia. Zetu hazitulii.

Nikiwa kwenye majina ya namba nimegundua jambo jingine, nami sijui kama ni la zamani kwenu. Sita na tisa zina herufi zile zile, na tarakimu 6 ukiigeuza kichwa chini ni 9. Nimelitungia fumbo la kumlipa rafiki yangu: «Sita imevurugika, imepinduka kichwa chini (4)». Je, linasimama?

---

Kinyumenyume amejibu:

Ugunduzi ni mzuri kuliko fumbo. «Sita» imetumika mara mbili kwa wakati mmoja: herufi zake zinavurugwa, na papo hapo ndiyo inayopinduka. Mfumbuaji mkali atakuuliza maana ni ipi na mchezo ni upi, nawe hutakuwa na mahali pa kukata mshono. Itaje mara mbili, lakini kwa sura mbili.

---

Kitanzi amejibu:

Nimelishona upya: «Sita ikivurugika huwa 6 iliyosimama kwa kichwa (4)». Mchezo ni «sita ikivurugika», uzi ni «huwa», na maana ni yale yaliyobaki.

Nimemtumia usiku huu. Mpaka sasa ameniandikia mara moja tu, akiuliza kama ile 6 ya pili nimeiandika kwa tarakimu kwa makusudi.